Swichi Iliyofunikwa Kitambaa

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, mtandao ulikatika katika duka la dawa la Alhaji Fuseini, mjini Tamale. Fundi wake, Wumpini, alizikagua nyaya kwa wasiwasi, kwani fundi mwingine alikuwa amekwisha kuitwa achukue nafasi yake.

"Binti, niuzie swichi mpya yaishe," Alhaji alimwambia.

Angeweza kumuuzia, kama wafanyavyo wengi wasio na haya. Badala yake alikiondoa kitambaa kizito kilichokifunika kisanduku hicho cha kuunganishia kompyuta. Kisanduku kilikuwa cha moto kama pasi.

"Nani amekifunika?"

"Mimi. Vumbi hili la upepo wa harmatani litakiua."

"Alhaji, unakiua wewe. Kinakosa hewa."

Walikisubiri kipoe. Mtandao uliporudi, Wumpini bado hakuthubutu kutabasamu.

"Yule mwingine," Alhaji alisema hatimaye, "nitamwambia asije."