Ngoma Isiyolazwa

Zamani dramu zilifika ukumbini kwa lori. Wanaume watatu walizishusha, na watu wa mtaa mzima waliacha walichokuwa wakifanya ili watazame. Ngoma ya mguu peke yake ingemtosha mtoto kulala ndani. Siku hizi bendi inapewa kona ambayo juzi ilikuwa na chungu cha maua, kisha inaambiwa ishukuru.

Rafiki yangu tuliyemwita Saa alipiga dramu za aina ile ya kwanza kwa miaka thelathini na nane. Jina hilo alipewa kwa kuwa hakuwahi kukimbia wala kuchelewa. Wapiga magitaa walipopotea walimtazama yeye, wakarudi njiani. Mimi nilikuwa fundi wao: nilitengeneza masanduku ya vyombo, nikabadilisha ngozi, nikanyoosha vyuma vilivyopinda. Shule niliiacha darasa la tano. Mengine nimejisomea mwenyewe katika vitabu vilivyokosa majalada, na ndiyo maana simvumilii mtu anayeniletea jambo asiloweza kulieleza. Leo nina moja la namna hiyo, na ni langu mwenyewe.

Kiongozi wa bendi, kijana tunayemwita Kapteni, alipata kazi katika mkahawa wa hoteli, ghorofa ya nne. Lifti ni ya wageni. Alimwita Saa mbele yangu.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Wanataka dramu za kupandishwa na mtu mmoja, safari moja, na zisiwapigie watu kelele wakila. Ukizipata, nafasi ni yako. Usipozipata, nina mashine."

"Mashine gani?"

"Kidude cha ukubwa huu." Akaonyesha kiganja. "Kinapiga chenyewe."

"Na kula kinakula?"

"Hakili, mzee. Ndiyo raha yake."

Saa alicheka. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa amefariki miezi saba kabla. Binti yao alikuwa ameichukua ile cherehani, akaenda nayo mji anakoishi. Bila bendi, rafiki yangu angebaki na chumba, dirisha na sauti ya majirani. Alikuwa na wiki moja kabla ya majaribio ya hotelini.

Tulikwenda dukani pamoja. Binti wa dukani alitufuata akiwa na kitambaa mkononi, kana kwamba tutaacha vumbi.

"Hii, babu, inaingia kwenye buti ya gari dogo."

"Gari sina."

"Basi inaingia mgongoni."

"Mgongo ninao mmoja, mwanangu, nao umeshatumika."

Saa hakuangalia rangi. Aliinua kila ngoma kwa mkono mmoja, akafumba macho, akahesabu ngazi kimoyomoyo. Ngoma moja ya mguu aliigonga akasema inakohoa. Nyingine akasema ina sauti ya ndoo. Mwishowe alichagua seti ya ngoma ya mguu ya inchi kumi na sita, ambayo ngoma ya katikati huingia ndani yake kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Stendi zilikuwa nyembamba kama miguu ya kuku. Yote ilienea katika mifuko miwili na begi la mgongoni la matoazi. Mimi nikaunda kitoroli kwa magurudumu ya kigari cha mtoto.

Kitu kimoja alikataa kubadilisha: ngoma yake ya nyaya. Ndiyo ile inayokaa katikati ya magoti, yenye nyaya zilizokaza chini ya ngozi, zinazoipa sauti ya kuchana kitambaa. Yake ilikuwa ya shaba, nzito.

"Chukua ile nyepesi," nikamwambia. "Utaanguka ngazini."

"Hii nitaibeba begani. Hii haijalazwa."

Neno hilo nililijua. Zamani tulikuwa na sheria: ukimaliza kupiga, unalegeza nyaya kabla hujaiweka ngoma. Tuliita kuilaza. Usipoilaza, inabaki macho, na sauti yoyote ikipita karibu, inaitika. Nyumbani kwake ilikaa kona moja na cherehani ya mkewe. Shemeji alipoikanyaga cherehani, ngoma nayo ilinong'ona. Nilimsikia mara mia akisema, "Mume wangu, hebu ilaze hiyo, inanisengenya." Naye Saa aliinuka akailaza. Tangu mkewe azikwe, hakukuwa na wa kumwambia.

Siku mbili kabla ya majaribio nilikwenda kwake kufunga mikanda ya kitoroli. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sakafuni, na alama nne za miguu ya cherehani zikionekana kwenye saruji. Ngoma ilikuwa juu ya kiti. Nikiwa nimeshika bisibisi, nyaya zikaanza kutetemeka. Ndefu. Zikanyamaza. Fupi. Zikanyamaza. Ndefu tena.

"Friji ya jirani," nikasema. "Kila kitu kina sauti yake. Sauti hiyo ikipita karibu, kinaitika. Ni elimu, si maajabu."

"Kazime."

Nilimwomba jirani, akazima friji. Akazima na redio. Kisha, kwa ubishi wangu, nikazima swichi kuu ya ghorofa nzima. Mtu mmoja akanitukana kutoka bafuni. Nikarudi. Chumba kilikuwa kimya kabisa.

Nyaya zikaanza. Ndefu. Kimya. Fupi. Kimya.

"Anageuza kona," Saa akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za kawaida. "Sasa anashuka na mshono wa pembeni. Ni suruali."

"Acha utani."

"Miaka thelathini nimelala katika sauti hii, Fundi. Gauni halishonwi hivi."

Nilikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza. Nilipoondoka sikuaga vizuri.

Jumapili mchana alipanda ngazi zile. Nilimfuata nyuma mikono mitupu, kwa kuwa masharti yalikuwa mtu mmoja. Kila kituo cha ngazi alipumua mara nne, akaendelea. Juu, Kapteni alitazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa kwa heshima. Dakika tano baadaye dramu zilikuwa zimesimama mahali pa chungu cha maua. Meneja wa mkahawa alikaa meza ya mbele. Hapakuwa na wateja.

Nyimbo mbili za kwanza alizipiga kwa brashi badala ya vijiti, polepole, na nasema bila upendeleo kwamba sikuwahi kumsikia akipiga vizuri vile. Meneja alitabasamu. Wa tatu ulikuwa wimbo wa gitaa la Kapteni peke yake. Saa akaweka mikono magotini, akangoja.

Ngoma ikaanza. Ndefu. Kimya. Fupi. Haikuwa inaitikia gitaa. Gitaa lilikwenda njia yake na nyaya zikaenda yao. Meneja akageuka kutazama kiyoyozi. Kapteni akasimamisha vidole, na mkahawa wote ukawa kimya, ila ngoma.

"Mzee," Kapteni akasema, "ilaze hiyo."

Kidole gumba cha Saa kilikuwa kwenye kishikizo cha kulegeza nyaya. Ni kukisukuma tu.

"Ilaze, mzee. Ni kitu kidogo. Au niwashe mashine?"

"Washa," Saa akasema.

Alifungua mifuko. Ngoma ikaingia ndani ya ngoma, stendi zikajikunja, matoazi yakaenda mgongoni. Zamani, kumwondoa mpiga dramu kulichukua saa nzima. Wakati anafungua skrubu, mtu angemletea kinywaji, mwingine angefanya mzaha, kiongozi angejikuna kichwa na kusema yaishe. Kazi ile ndefu ilikuwa na huruma ndani yake. Sasa Kapteni alifungua mdomo kusema neno, na mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Fundi, mkimbilie," akaniambia. Uso wake ulikuwa wa mtoto. "Mwambie arudi. Mwambie aje nayo vilevile."

Nilimkuta kituo cha ghorofa ya pili. Hakuwa amechoka. Amekaa kwenye ngazi, kitoroli pembeni, begi la ngoma ya shaba mapajani, sikio juu yake.

"Kapteni anakuita. Amekubali."

"Ngoja kidogo," akasema. "Hajamaliza."

Nikaweka kiganja juu ya begi. Palikuwa na ukuta wa zege, mlango wa chuma, na taa isiyowaka. Nilitafuta friji. Nilitafuta bomba, injini, mtu anayetembea. Chini ya kiganja changu nyaya zilitetemeka, zikasimama, zikatetemeka. Juu, kwa mbali, mashine ilianza kuhesabu moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, bila kosa lolote.

Nikakaa karibu yake, tukangoja.