Mgeni wa Jumba la Mkonge

Harufu ya katani mbichi ilikuwa imenasa katika shati langu tangu Old Korogwe, nami niliibeba hadi nyumbani kwa bibi, Mazingara, likizo ile ya masika nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe. Niliyosimuliwa nimewaachia wasimulizi wake. Binamu yangu Zuhura, aliyesoma sekondari ya bweni, alikuja na sanduku la mchezo alilopewa na mwalimu mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza, ramani ya ngome, na dadu zenye pande nyingi kuliko dadu yoyote tuliyowahi kushika. Mmoja husimulia, wenzake husema watatenda nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Hadithi ilimhusu bwana mmoja mfu asiyeoza, aishiye katika ngome ya mawe kwenye theluji, akinywa damu ya majirani zake.

Hakuna aliyeogopa. Zuhura alipotueleza kwamba theluji ile ingetuua, mimi na mdogo wake Bakari tulicheka, maana hatukuijua. Basi akachukua penseli akaanza kuihamisha hadithi. Ngome ikawa jumba la meneja wa shamba la mkonge, lililoachwa tupu, madirisha yake yakiitazama mistari ya mkonge isiyo na mwisho. Mbwa mwitu wakawa fisi. Theluji ikawa ukungu wa asubuhi ushukao kutoka Kwashemshi. Hapo Bakari aliacha kuegemea nguzo ya baraza, akasogea karibu yangu. Kanuni moja tu Zuhura hakuigusa, kwa kuwa kitabu kiliisisitiza: mfu yule hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Akagonga sakafu mara mbili, akasema kwa sauti nzito, "Hodi." Mimi na Bakari tukaitikia pamoja, "Karibu." Tukafa. Kesho yake tuliapa kufunga midomo, akapiga hodi, na tukafa tena.

Siku ya tatu jirani yetu, Mama Sefu, alimpelekea bibi habari kwamba watoto wanapiga ramli barazani na kuita wafu. Bibi hakuamini maneno ya kusikia, lakini hakuyapuuza pia. Alikuja akaketi, akasema ataona mwenyewe, na akiona ubaya, sanduku lile litachomwa kupikia maharage jioni hiyo. Zuhura hakuwa na kitu kingine alichokipenda kama kile. Alisimulia hata hivyo: jumba, ukungu, fisi, hatua mlangoni. Akagonga. "Hodi."

"Karibu," bibi akaitikia.

Tukatazamana. Bakari akasema kwa adabu, "Bibi, umekufa."

"Kwa kosa gani?"

"Umemkaribisha," Zuhura akajibu kwa sauti ndogo.

"Sasa nimwache nje na mvua hii? Aliyeandika kitabu hicho hakulelewa. Mpe kigoda. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Asiye na kwao hatakuwa na la kujibu, na hapo utamjua."

Zuhura aliikata kanuni ile kwa penseli. Tangu hapo kila swali likawa na dadu yake, ya kuamua kama mfu atapata jibu. Bibi mwenyewe alirusha ya kwanza, akamuuliza mfu habari za mbuzi.

"Mbuzi gani?" mfu akauliza kwa sauti ya Zuhura.

"Huna hata mbuzi, na unatembelea watu?"

Mfu akatimkia mkongeni, nasi tukashangilia mpaka kuku wakakimbia. Katikati ya kelele hizo sauti ya mwanamke ikasema, "Hodi." Watoto wote watatu tukamgeukia bibi.

"Karibu, Mama Sefu," bibi akasema bila kugeuka. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na shamba?" Tulikuwa tukihesabu kwa vidole.

"Maharage yananiozea kwa mvua hii."

"Huyu ni mtu," bibi akatutangazia. "Mpeni kigoda." Jioni ile maharage yaliiva kwa kuni.

Leo sanduku lile, aliloniachia Zuhura, liko kwa mjukuu wangu, Tatu, na alama za penseli bado zinasomeka. Nyumba yangu ya Korogwe ina geti lenye kengele, na watoto huchungulia kabla ya kumwitikia mtu. Sisemi zamani kulikuwa bora. Wezi wapo, na geti hilo nililijenga mimi. Juzi mtu alipiga hodi, nami nikasema karibu kabla ya kuuliza ni nani. Tatu hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Babu, umekufa," akasema. Nikamwambia aiweke simu, akafungue geti, atoe kiti, na asisahau kuuliza habari za mbuzi.