Fidla Mbili za Bendi ya Ujiji

Tulipovuka ziwa kutoka Kongo, mimi na kaka yangu tulibeba fidla zetu tulizofundishwa na masista wa misheni, ndogo yangu na kubwa yake. Sufuria tuliziacha. Mama alitulaumu kwa hilo kila alipokwenda kuazima ya jirani.

Tulipanga chumba mtaa wa Kasingirima. Kiongozi wa bendi moja ya Ujiji, karani aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, alitusikia tukipiga kwenye harusi parokiani. Alikuwa na kaseti za bendi ya Ulaya iliyopiga roki kwa magitaa na fidla pamoja, na alikuwa amezisikiliza mpaka utepe umelegea.

"Hiki ndicho ninachokitafuta," alituambia. "Magitaa ninayo. Nyinyi mtanipa kilio."

Tukampa. Wimbo wa kwanza, wa mama mkwe mchoyo wa mawese, uliwachekesha watu. Wa pili, wa mwanamke anayemngoja mumewe bandarini, ndio uliotutoa. Mwisho wake aliutunga kaka. Magitaa yalinyamaza, fidla zetu zikabaki peke yake zikipandishana, na ukumbi mzima ukatulia. Redio ilipoanza kuupiga, wauza dagaa wa Ujiji waliuimba tangu asubuhi. Kiongozi alitutambulisha jukwaani kama ndugu zake wa damu, nami nilimwamini.

Kisha likaja tangazo: wakimbizi wanaoishi mjini waende kambini. Tulimfuata kiongozi nyumbani kwake.

"Utusemee, kaka," nilimwomba. "Hata barua tu, kwamba tuna kazi."

Hakutukaribisha ndani. "Mimi ni mtumishi wa serikali, dada yangu. Nikiwasemea nyinyi, mimi atanisemea nani?"

Tukapanda lori na mama yetu.

Kambini, mvua ya kwanza iliipasua fidla ya kaka. Mbao zake ziliachana kama ganda la karanga. Alizifunga kwa kamba, akazilaza chini ya kitanda, akaenda kulima vibarua. Redio iliendelea kuupiga wimbo wetu. Nilipowaambia majirani kwamba ile fidla ni mimi, mmoja aliniuliza kama na ile ngoma ni mimi.

Siku moja bendi ikaletwa kambini kututumbuiza. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilioga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikachukua fidla nikaenda nyuma ya jukwaa. Kiongozi alinikumbatia. Alikuwa amenenepa. Kando yake alikaa kijana mwenye kinanda cha umeme.

"Umekuja wakati mwafaka," alisema. "Hebu mwelekeze huyu ule mwisho. Anaukosea."

"Nipandishe niupige mwenyewe."

"Ah, dada! Kibali kina majina ya wanamuziki. Lako halimo."

"Waambie basi watu kwamba ule mwisho ni wa kaka yangu."

Aliangalia saa yake. "Tusichanganye mambo. Leo ni siku ya furaha."

Nilimwambia kijana ajitafutie mwenyewe, nikaondoka. Kaka nilimkuta mlangoni akinoa jembe. Nilipomsimulia, hakuinua kichwa.

"Anaukosea wapi?" aliuliza.

"Sijui. Sikungoja."

Hatukuhitaji kungoja sana, spika zao zilisikika kambi nzima. Wimbo ulipofika mwisho, kinanda kilipanda mahali pa kushuka, kikababaika, kikamalizia kwa sauti moja ndefu ya kitoto. Kaka aliacha kunoa. Nilidhani watu watazomea.

Walishangilia. Wakaomba urudiwe, ukarudiwa na makosa yake yale yale. Nilikwenda kumtafuta mama, nikamwona mbele kabisa ya umati, khanga kiunoni, anacheza. Tangu tuvuke ziwa sikuwa nimemwona akicheza. Aliponiona alinipungia mkono nije.

"Njoo, mwanangu! Wimbo wenu!"

Sikwenda. Nilisimama pale na fidla kwapani mpaka walipoanza kukunja nyaya zao.