Mtoto ni wa Baba

Juzi jirani yangu alianika mlenda uani kwake, na upepo ulipoleta ile harufu ya jani kavu nikaacha nilichokuwa nikifanya. Ndugu yangu, nilikuwa tena kwenye tembe la mama, nyumba yake ya udongo, upande wa Chamwino, zamani za Mjerumani, mama akisaga uwele kwenye jiwe na ndama wakilia zizini.

Mama alikuwa Mgogo. Baba alikuwa mtu wa Kondoa, mchukuzi wa mizigo kwenye misafara ya pwani. Kwetu alipita mara chache, mvua zikishakatika, akiwa na chumvi na hadithi nyingi. Akilala siku mbili tatu, amekwenda. Kisha akaacha kuja kabisa. Wajomba wakaona mama bado kijana, aolewe na mtu mwingine. Habari za njaa yetu hazikuwahi kumfikia baba, lakini hizi za mama kuolewa zilimfikia upesi.

Alikwenda moja kwa moja kwa akida, mkuu aliyewekwa na Mjerumani, kunidai. Akida alitoka pwani, hajui Kigogo, na mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo akawekwa mkalimani. Mama alisimama juani akaeleza kwa muda mrefu, hata kwa mikono, jinsi alivyoniuguza surua peke yake, jinsi tulivyokula mizizi mwaka wa ukame, jinsi nilivyomkimbia baba kila alipokuja kwa kuwa sikumjua. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia akida.

"Anasema hataki."

Akida akauliza kama mahari ilipokelewa. Wajomba wakakubali.

"Basi mtoto ni wa baba," akasema, akaita kesi nyingine.

Nilidhani baba amenichukua ili tukae pamoja. Alinifikisha Kondoa kwa mke wake wa kwanza, niliyeambiwa nimwite mama mkubwa, kisha baba mwenyewe akafuata msafara. Nikabaki na kuchota maji, kufukuza ndege shambani na kubeba mtoto wake mgongoni. Milima ilituzunguka pande zote, na njia ya kwetu sikuijua. Nikisema Kigogo watoto walicheka. Nikajifunza kunyamaza, halafu nikajifunza lugha yao, na Kiswahili. Mama mkubwa hakuwa mtu mbaya, ila hakuniruhusu kuvuka kijito. Aliniuliza nikipotea atamwambia nini baba. Naye pia alikuwa akimngoja.

Baba alikuja mara moja, baada ya miaka, na kaniki yangu aliyonunua safarini. Nilipojifunga haikufika hata magotini. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akaikunja taratibu na kumpa mdogo wangu, yule niliyekuwa nikimbeba.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika, baba alichukuliwa kubebea askari mizigo. Hakurudi. Matanga yake yalipokwisha, mama mkubwa alinifungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akanikabidhi kwa watu waliokuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea Chamwino.

"Aliyeniambia nikushike hayupo," akasema. "Nenda kwa mama yako."

Mama alinitambua kabla sijafika mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema mbukwa, na hiyo niliielewa, ni salamu yetu. Halafu akaanza kusema, akasema, machozi yakimtiririka, na mimi sikuambulia neno. Kigogo kilikuwa kimenitoka chote. Nilitaka kumwambia kwamba nilimngoja, nikakuta maneno yanakuja kwa lugha ya Kondoa. Alipogundua alinishika mkono, akagusa jiwe, maji, uwele, akinitajia kimoja kimoja, kama mtu anayelea mtoto mchanga.

Kigogo nilikipata tena, ingawa wazee husema kina ladha ya mlimani. Tembe lilikwisha kuanguka, na mama amelala kaburini karibu nalo. Niliwahi kumuuliza siku ile mlangoni alikuwa akiniambia nini. Alifikiri sana, akasema amesahau.