Mlima Uliofungwa Nyuma ya Baiskeli

Enzi zetu pale Mwabungo, mtoto alipigwa picha mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, na ukipepesa jicho umekwisha. Kaka yangu Juma alipepesa. Akakaa kipofu ukutani mwaka mzima, na kila mgeni aliyeingia alimpa mama pole.

Mpiga picha alikuwa Mzee Masudi, akija na baiskeli kutoka Ukunda, nyuma amefunga Mlima Kenya. Msicheke, ulikuwa Mlima Kenya: shuka kubwa lililochorwa kwa rangi, mlima katikati, simba chini yake, juu ndege ya abiria. Akilitundika baina ya minazi miwili, kijiji kizima kinapanga foleni ili kiwe Kenya. Sisi watoto, midomo inang'aa mafuta ya kaimati, tulibishana ile nyeupe ya kileleni ni nini. Tukakata shauri kuwa ni chokaa, wameipaka ili rubani asiugonge.

Tena kulikuwa na koti moja, zito, la kijivu, lenye jasho la watu wote kuanzia Galu hadi Msambweni. Lazima ulivae kwa sababu, alivyosema Mzee Masudi, mlimani kuna baridi. Jua la saa saba, sisi tunatota ndani ya koti, limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili likukae. Mkononi unavishwa saa yake iliyokufa zamani, inasema saa nne kasorobo. Na kucheka hakuna. "Serikali haicheki," alituonya, ijapokuwa picha yenyewe ilikuwa ya kutundika sebuleni kwetu.

Aliyekataa ni mama yangu peke yake. Mejumaa binti Salimu, mfupi wa kimo, mrefu wa maneno.

"Nikasimame na mlima wa watu? Nikiulizwa kisima chake kiko wapi, nitasemaje?" Akaenda zake kwenye konde lake la mihogo, akamshika mbuzi wake. "Nipige hapa."

"Bi Mejumaa, bila mlima watu watajuaje kuwa uko Kenya?"

"Watauliza," akasema mama.

Mzee Masudi akapiga, huku ananung'unika kwamba filamu yake inaharibiwa na mihogo.

Hiyo ndiyo picha pekee ya mama. Alipofariki tuliihifadhi sandukuni, na siku nilipofungua nikakuta mchwa wamemla kuanzia kichwani hadi kiunoni. Imebaki miguu, na mbuzi mzima, hata ndevu. Basi sura ya mbuzi naijua vizuri, na sura ya mama yangu mzazi inanitoka kidogo kidogo kila mwaka. Hilo linaniuma, siwafichi.

Juzi nikasikia kwamba mjukuu wa Mzee Masudi ametoa filamu zote za babu yake, na binti mmoja wa Nairobi, mpiga picha, amezisafisha na kuzitundika kwenye ukumbi mpya uliojengwa juu ya makonde yetu ya zamani. Bango lilisema maonyesho ni ya kutueleza sisi ni nani na ardhi yetu ni ipi. Nikajitanda leso, nikaenda.

Lo! Kijiji kizima kiko ukutani ndani ya koti moja. Maelezo yamechapwa vizuri: kwamba wenyeji hawa walishuka kutoka mlimani na vazi lao la baridi, na kwamba kwa mila zao hawakupigwa picha isipokuwa saa nne kasorobo. Chini ya Juma wameandika, "Mtoto kipofu, Mlima Kenya." Juma huyo yuko Diani anauza madafu, na humwona mteja tangu akiwa nukta kwa mbali.

Nikampita simba, nikaipita ndege, nikafika pembeni kabisa, nikamwona mbuzi. Nikainua macho taratibu, naogopa. Kichwa kilikuwepo. Mama, na pengo lake, na lile jicho la kuuliza kama nimeshaswali. Nililia kwa sauti, wallahi, mtu mzima mimi.

Chini yake pameandikwa: "Mwanamke asiyejulikana. Mahali hapajulikani."

Yule binti akaja mbio. "Shikamoo, mama. Pole sana. Kwani unamjua?"

"Marahaba. Ni mama yangu."

"Na hapa ni wapi? Tumetafuta tukachoka, picha haina alama yoyote."

Nikamwonyesha vigae alivyovikanyaga. "Hapa hapa. Umesimama kwenye mihogo yake."

Wajukuu zangu leo wanaipiga picha pilau mpaka inapoa. Wanajipiga wenyewe, midomo imechongoka, mara arobaini kwa siku, na ukiwauliza huyo wa nyuma yako ni nani, wanasema hawamjui, alipita tu. Sisi tulikuwa na picha moja, nayo ya uongo mtupu, lakini kila aliyewahi kuvaa lile koti namjua kwa jina, na kwa jina la mamake. Nazitamani siku zile, joto la koti na vyote.

Binti akayakata yale maandishi, akaandika jina la mama kwa mkono wake, na chini yake: Hapa. Kisha akashika kamera anipige pamoja na picha ya mama.

"Mama, sogea kidogo dirishani, bahari ionekane. Ndio watu wajue ni Pwani."

Nikabaki palepale ukutani, kando ya mbuzi.

"Watauliza," nikamwambia.