Yowe la Apolinaria

Wakati wa vita na Mtaliani, serikali iliagiza kila mtaa wa Tabora ujifunze kujificha handakini, ndege za adui zisije zikawakuta watu wazi. Mtaani Gongoni hapakuwa na king'ora, basi Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, akaamua kuwa ishara itakuwa yowe, na mpigaji awe Apolinaria, mpika pombe mwenye sauti kali. Mumewe Hilari angejipaka majivu na kujifanya askari wa adui.

"Bwana, kwetu yowe haliwafukuzi watu," Apolinaria alisema. "Linawaita."

"Wewe piga tu."

Alasiri akapiga. Handakini hakuingia hata mtu mmoja. Wanaume walitoka mbio na rungu, wanawake na michi, wakamkuta mtu mweupe kwa majivu akitambaa kando ya handaki.

"Mwizi huyo! Mvunjeni miguu asikimbie!"

Rungu la kwanza lilimvunja mguu, la pili likamng'oa meno. Apolinaria akapasua kundi kwa viwiko, akamlalia mumewe, na mchi uliokuwa unashuka ukampasua yeye bega.

"Ni Hilari! Mnamuua Hilari, mahayawani nyie!"

Mikono ikasita. Bwana Shauri akafika anahema, uso umemwiva.

"Yowe tuachie wenyewe," Apolinaria alimwambia, damu ikimchuruzika hadi kiganjani. "Kwa kujificha, tutagonga kipande cha reli. Na wagongaji tutawachagua sisi."

Bwana Shauri akakubali. Reli ilipogongwa kwa mara ya kwanza, watu waliingia handakini upesi, na waliotangulia ni wale wale waliompiga Hilari, wamembeba mabegani.