Mbolea ya Sokoni na Migomba ya Baba

Mama hakunikataza kutengeneza mbolea kwa taka za sokoni. Alichokataa ni mbolea hiyo kuwekwa kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, kwa sababu baba amelala humo. Kwetu Ipinda maiti haipelekwi mbali na nyumbani. Migomba ile baba aliipanda mwenyewe, na tangu azikwe ilikuwa inadhoofu, mikungu yake midogo hadi unaona aibu kuipeleka sokoni.

"Baba yako hakula makombo ya watu akiwa hai," mama alisema. "Usimmwagie leo."

Mimi nauza ndizi sokoni, na jioni nilikuwa narudi na viroba vya taka kwenye baiskeli: maganda, majani ya kabichi, maembe yaliyooza. Nilizichambua kwa mikono huku nimenuna, maana watu wetu hutupa nepi na viwembe humo humo. Lundo la kwanza sikulifunika. Mvua za Kyela hazina simile. Likalowa, likanuka, majirani wakabadilisha njia.

La pili nililipanga vizuri: taka mbichi, mabua makavu ya mpunga, samadi, tena hivyo hivyo hadi juu, nikafunika kwa majani ya migomba. Katikati nilichomeka kijiti. Kikitoka cha moto, najua linaiva. Nililigeuza mara kwa mara mpaka likapoa, ukabaki udongo mweusi unaonukia kama shamba lililotoka kulimwa.

Niliuweka kwenye mboga tu, kwa kinyongo. Asubuhi moja nilimkuta mama amechuchumaa tutani, anachambua udongo ule kiganjani, anatafuta ganda. Hakulipata. Akaunusa.

"Ndaga," alisema, asante ya kwetu, akaelekea kwenye migomba. Nilimfuata na ndoo. Alinionyesha shina moja baada ya jingine, mpaka lile lililo kichwani kwa baba. Kisha akazunguka, akasimama upande wa pili wa kaburi, penye ardhi tupu.

"Hapa usiweke kitu, wala usipande," alisema. "Hapa ni pangu."

Niliumia. Nikamwaga mbolea kwenye mashina yote, nikikwepa pale aliposimama, naye hakuondoka hapo hadi ndoo ikaisha.